Jibu: Homa isiyoisha na shingo kuuma

Pole sana dada. Umesema mama yako huko Urambo ana homa ya kuja na kuondoka, malaria haionekani, na shingo inamuuma. Pingili za shingo kusagika kwa umri hakuleti homa. Hofu yangu ni maambukizi ndani ya mfupa: kifua kikuu cha uti wa mgongo, au brusela, ugonjwa wa mifugo unaompata mtu kwa maziwa mabichi. Baba yangu mdogo alilowesha shuka kwa jasho kila usiku. Ukimwita, alikuwa anageuka mwili mzima, maana shingo ilikuwa inamuuma. Alimezeshwa dawa za malaria mara nne kabla hajaulizwa kama anakunywa maziwa mabichi. Ilikuwa brusela! Mpeleke Hospitali ya Kitete, Tabora mjini, mwombe daktari kipimo cha brusela, cha TB na picha ya shingo. Mikono ikifa ganzi au miguu ikilegea, usingoje kesho.