Mashine Haijui Nyanya Alimpigia Nani

SWALI: Shikamoo. Mimi ni kijana wa Kinango, kaunti ya Kwale. Nyanyangu ana miaka 74 na maisha yake yote ni jembe na kuni. Uchaguzi wa 2022 mashine ilikataa vidole vyake, karani akamwambia akae kando, jua likamzidi akarudi nyumbani bila kupiga kura. Sasa kuna mtu anapita nyumba kwa nyumba na daftari. Anaandika majina na nambari za vitambulisho, anatoa shilingi mia mbili, na anasema ile mashine ya vidole humwonyesha mkubwa wake nani alimpigia nani. Nyanya ameshaandikwa na sasa anaogopa. Nimwambie nini? Na vidole vyake tufanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na umpe nyanya pole zangu. Nianze na vidole kwa sababu jibu lake ni fupi. Aliyemwambia akae kando alikosea. Mtu wa jembe, wa kufyatua matofali, wa kuvunja kokoto, alama zake husagika, na karani anafundishwa hilo kabla hajakabidhiwa mashine. Kidole kimoja kikikataa hujaribiwa kingine. Vikikataa vyote, mpiga kura hutafutwa kwa nambari ya kitambulisho kwenye mashine ile ile. Mashine ikishindwa kabisa, afisa msimamizi wa kituo huwaita mawakala wa vyama na wagombea washuhudie, hujaza Fomu 32A mbele yao, humtafuta mpiga kura kwenye sajili iliyochapishwa, na akimpata humpa karatasi zake za kura. Mwaka huo huo wa 2022 mashine zilikwama katika vituo kadhaa vya Kakamega na Makueni, na watu wakapiga kura kwa sajili ya karatasi. Kwa hivyo nyanya akirudi kituoni asikubali kukaa kando. Aombe kuonana na afisa msimamizi mwenyewe na aitaje fomu hiyo kwa jina lake: 32A. Wewe simama naye. Kwa siku chache kabla ya hapo apake mafuta vidoleni usiku, maana ngozi iliyokauka na kupasuka husomeka kwa shida zaidi, kisha asubuhi avifute kwa kitambaa kikavu.

Hilo limekwisha. Sasa huyu mtu wa daftari.

Nimefundisha makarani na kusimamia vituo kwa chaguzi kadhaa, nyingi zikiwa mashambani, na sijawahi kumaliza kikao kimoja cha kuelimisha wapiga kura bila mtu kunivuta pembeni na kuniuliza hili la mashine. Huuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia ugonjwa wa aibu. Wengi wao ni akina mama wazee. Na kila mara nikifuatilia uvumi umetoka wapi, namkuta dalali mmoja aliyekaa chini ya mwembe na daftari la shule mapajani. Nimechoka na watu hawa. Hawana mashine wala mkubwa mwenye kuona chochote. Walicho nacho ni woga wa mama wa miaka 74, na huo ndio wanaoununua kwa mia mbili.

Angalia mashine yenyewe inakaa wapi. KIEMS, ndilo jina la ile mashine ya vidole, iko mezani kwa karani, pale unapoingia. Kazi yake asubuhi ni moja, kuthibitisha kwamba wewe ndiye uliyesajiliwa na kwamba hujapiga kura tayari. Baada ya hapo jina lako linawekewa alama, nawe unapewa karatasi 6: nyeupe ya rais, na nyingine za rangi mbalimbali za gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na mwakilishi wa wadi. Unaziendea kibandani, ambacho kwa kawaida ni boksi la karatasi ngumu lililosimamishwa juu ya dawati la wanafunzi, unatia alama kwa kalamu, unakunja, unatumbukiza kila moja kwenye sanduku lenye kifuniko cha rangi yake, kidole kinatiwa wino, unatoka. Muda wote huo mashine iko pale pale kwa karani, inamshughulikia mtu aliyekuwa nyuma yako. Kura yenyewe ni karatasi na kalamu, na alama uliyoitia kibandani haipiti kwenye mashine hata kidogo.

Uongo huu unapata pa kushika kwa sababu mashine ile ile hutuma matokeo. Baada ya kura kuhesabiwa, afisa msimamizi hujaza Fomu 34A ya urais, mawakala hutia saini, fomu hupigwa picha kwa mashine na picha hutumwa kituo cha kitaifa cha kujumlisha kura. Mwananchi anaona mashine iliyochukua kidole chake asubuhi ndiyo inayotuma matokeo jioni, na dalali anamwunganishia mambo hayo mawili. Isome Fomu 34A kutoka juu hadi chini. Ina jina la kituo, idadi ya waliosajiliwa, kura za kila mgombea, kura zilizokataliwa, majina na saini za maafisa na mawakala. Jina la mpiga kura hutalikuta.

Dalali mjanja zaidi atakwambia karatasi ya kura ina nambari. Ni kweli, inayo, na kishina kilichobaki kwenye kitabu kina nambari ile ile. Nambari hiyo ni ya kulinda sanduku. Ikitokea karatasi ya kutiliwa shaka wakati wa kuhesabu, inalinganishwa na vishina kujua kama kweli ilitolewa katika kituo hicho, isiyothibitika hukataliwa. Lakini karani anapotia alama kwenye jina lako katika sajili, kanuni zinamtaka aonyeshe tu kwamba umepewa karatasi, bila kuonyesha umepewa karatasi ipi. Uhusiano kati ya jina na nambari hauandikwi mahali popote.

Natamani kila anayeogopa angekaa nami jioni moja wakati wa kuhesabu. Saa ya kufunga imepita, waliokuwa kwenye foleni wamemalizika, taa ya betri imetundikwa kwenye boriti ya darasa. Sanduku linafunguliwa mbele ya mawakala na kumwagwa juu ya madawati yaliyounganishwa. Karatasi zinaanguka lundo moja, nyingine zimekunjwa mara mbili, nyingine mara nne, chache zimeloa jasho la mkono. Msimamizi anakunjua moja, anaionyesha huku na huku ili kila wakala aione, anamtaja mgombea, anaiweka kwenye rundo lake. Mimi mwenyewe nimepiga kura katika kituo nilichokisimamia, na kura zilipomwagwa sikuweza kuitambua yangu.

Kuna jambo moja la kweli ambalo madalali hulitumia, na lazima nikwambie usije ukalisikia kwao kwanza. Kituo kimoja cha kupigia kura kina wapiga kura wasiozidi 700, na huko mashambani vingine vina watu wachache sana kuliko hapo. Matokeo hubandikwa mlangoni usiku ule ule, na tangu hukumu ya Mahakama ya Rufaa ya 2017, katika kesi iliyofunguliwa na mtetezi wa haki za binadamu Maina Kiai, matokeo ya urais yaliyotangazwa kituoni ndiyo ya mwisho kwa kituo hicho. Kwa hivyo mwanasiasa anaweza kweli kujua kwamba kijiji chenu kilimpa kura 12 tu. Asubuhi yake dalali anapita akisema, "Tumewaona." Alichokiona ni karatasi ya mlangoni ambayo hata mtoto wa shule anaweza kuisoma. Kati ya watu 300 waliopiga kura, wale 12 ni akina nani, hajui. Ndiyo maana anabaki kutisha kila mtu.

Na kwa kuwa hawezi kuona, anahitaji umwonyeshe. Hapa ndipo nataka wasomaji wengine wanisikilize, si Kinango peke yake. Siri ya kura haivunjwi na mashine. Inavunjwa na mpiga kura mwenyewe akikubali mambo haya.

La kwanza ni simu. Unaambiwa ipige picha karatasi ukiwa kibandani, ukitoka uonyeshe, ulipwe nusu iliyobaki. Simu haina kazi kibandani, na karani akikuona anapaswa kukuzuia. Vijana ndio wanaonaswa sana hapa, kwa kuwa simu wanazo wao.

La pili linanikera kuliko yote. Mtu anayesoma na kuandika vizuri anafundishwa aseme hajui kusoma. Sheria inampa mpiga kura asiyejua kusoma, au mwenye ulemavu unaomzuia kutia alama, haki ya kusaidiwa na mtu anayemwamini, na msaidizi huyo hula kiapo cha siri. Mgombea na wakala hawaruhusiwi kuwa wasaidizi. Asiyekuja na mtu husaidiwa na afisa msimamizi mbele ya mawakala. Unaona mlango ulipo: ukija peke yako ukadai hujui kusoma, unataja chaguo lako huku wakala wa aliyekulipa amesimama anasikia. Nimewahi kuona asubuhi moja, katika kituo kimoja, watu wa rika moja wakifuatana kwenye foleni wote "hawajui kusoma," na miongoni mwao kulikuwa na mmoja niliyemjua kuwa karani wa chama cha ushirika. Haki iliyowekwa kwa ajili ya kipofu na bibi ambaye hakupelekwa shule imegeuzwa soko. Kama nyanya yako hasomi, nenda naye wewe mjukuu wake, ule kiapo, utie alama anakokwambia, na ukitoka pale usiyarudie maneno yake hata kwa mamako.

La tatu ni alama maalumu. "Andika herufi fulani pembeni tutaijua." Kura yenye alama ya kumtambulisha aliyeipiga inaweza kukataliwa, na kura iliyokataliwa haihesabiwi kwa mtu yeyote. Mahakama ya Juu ilishasema mwaka 2013 kwamba kura zilizokataliwa haziingii hata kwenye hesabu ya asilimia za urais. Mwaka 2022 kura 113,614 za urais zilikataliwa, na mshindi na aliyemfuata walitofautiana kwa kura 233,211. Hesabu mwenyewe uzito wake. Nyanya atie alama moja, ya vyema au ya mkasi, kwenye nafasi ya mgombea mmoja. Akikosea kabla ya kutumbukiza, airudishe kwa afisa msimamizi apewe nyingine. Asiipake wino juu kwa hofu.

Je, daftari lenyewe halina madhara? Linayo, ila si hayo aliyoambiwa nyanya. Kwa nambari ya kitambulisho peke yake hakuna anayeweza kumpigia kura. Kadi yenyewe lazima ifike kituoni pamoja na mwenye kadi. Lakini Juni 2021 Wakenya wengi walipoangalia kwenye mtandao wa eCitizen walijikuta wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kuvisikia. Majina na nambari zilizokusanywa kijijini zinaweza kuishia huko. Mwangalizie nyanya kwa simu yako kwenye rekodi za Msajili wa Vyama vya Kisiasa, na akikutwa ndani ya chama asichokitaka, mjiuzulishe hapo hapo.

Kuhusu mia mbili, wengi hudhani mwenye hatia ni mtoaji tu. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamshika mtoaji na mpokeaji, na adhabu ya hongo inafika faini ya shilingi milioni mbili, au kifungo cha miaka sita, au vyote viwili. Simwambii nyanya haya ili aogope zaidi. Nakwambia wewe, ili huyo mtu akirudi umwambie uso kwa uso kwamba unajua anachokifanya, na uandike tarehe, saa na maneno yake upeleke kwa polisi au ofisi ya tume ya uchaguzi ya eneo bunge lenu. Na nyanya ajue kwamba ile pesa haikumfunga kumpigia mtu yeyote.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Madaftari yameanza kuzunguka mapema kwa sababu dalali anajua kazi yake ni kuotesha woga, na woga huchukua muda kuota. Katika barua yako kuna jambo moja hukulisema, nalo ndilo linalonitia wasiwasi: kama aliandika nambari tu, au aliondoka na kadi. Wapo wanaochukua kadi kabisa, wakidai ni "kuhakikisha," na siku ya kura mzee hana cha kuonyesha. Kamuulize nyanya leo. Kama kadi haipo, ifuate kwa huyo mtu ukiwa na shahidi, na akikataa kuitoa nenda ukaripoti polisi na uanze kuomba kadi nyingine mara moja, kwa sababu kadi mpya huchukua muda kufika na nyanya hawezi kuingia kituoni bila hiyo.