Mdhamini anashtaki kwa niaba ya nani?

SWALI: Natafsiri hati ya amana, yaani mpango wa kisheria ambao mtu (mdhamini) anakabidhiwa mali aitunze kwa faida ya wengine (wanufaika), na nimeandika hivi: "Mdhamini ana haki ya kushtaki kwa niaba ya wanufaika juu ya mali iliyoshikiliwa kwa dhamana." Mwenzangu mwanasheria anasema sentensi inasomeka vizuri lakini kisheria imepotoka. Kosa liko wapi?

JIBU: Yapo matatu, na kubwa kuliko yote ndilo lisiloonekana.

Tuanze na jepesi. "Mali iliyoshikiliwa kwa dhamana" kwa msomaji wa kawaida ni gari lililozuiwa, au nyumba iliyowekwa rehani ili mkopo utoke. Kushikilia mali ni kuizuia. Dhamana ni kitu au ahadi ya kuhakikisha kwamba deni litalipwa au mshtakiwa atarudi mahakamani. Hata "mdhamini" ana mzigo huohuo: ndiye anayemtoa mtu rumande, ndiye anayesaini fomu ya mkopo wa mwenzake, ndiyo kampuni inayogharimia ligi. Neno limekwisha kuzoeleka katika "bodi ya wadhamini", kwa hiyo silipingi, ila mara ya kwanza liandikwe kwa ukamilifu, "mdhamini wa amana", na mali iitwe "mali ya amana". Benki nao wana amana zao, yaani fedha za wateja, lakini ukisema mali ya amana hakuna atakayefikiria akaunti.

La pili ni "kushtaki". Mtaani tunasema fulani kamshtaki jirani yake hata kwa ugomvi wa mpaka, na tunaelewana. Kwenye hati ya sheria, kushtaki kunamleta mshtakiwa, na mshtakiwa ni mtu wa kesi ya jinai. Kesi ya mali ni ya madai: kuna mdai na mdaiwa, na kinachofanyika ni kufungua shauri. Tena anayeshtakiwa ni mtu, si kitu, ndiyo maana ulilazimika kuongeza "juu ya". Ukisema "kudai", kitenzi kinaishika mali moja kwa moja: kudai kiwanja, kudai kodi ya pango, kudai fidia.

Sasa "kwa niaba ya". Niaba ina shina moja na naibu. Anayetenda kwa niaba yako amekaa mahali pako. Haki ni yako, na ukiamua kumwondoa, anaondoka. Huyo ni wakala. Mdhamini hayuko hivyo. Katika amana za mfumo wa sheria uliotoka Uingereza, umiliki wa kisheria huwa kwa mdhamini: hati ya kiwanja inasoma jina lake, daftari la wanahisa vilevile. Kilicho cha wengine ni manufaa. Mvamizi akiingia kiwanjani, anayesimama mbele ya mahakama kama mwenye mali ni mdhamini. Hufungua shauri kwa jina lake mwenyewe, hasubiri kutumwa, na kwa kawaida mnufaika mmoja hawezi kumwamuru aiondoe kesi. "Kwa niaba ya" inafuta yote hayo, na inampa mdaiwa mwanya wa kuuliza: wanufaika wamekuruhusu lini?

Nadhani mtego unatokana na neno amana lenyewe. Katika maongezi, amana ni kitu cha mtu ulichoachiwa ukitunze. Hakikuwa chako hata siku moja, mwenyewe akirudi unamkabidhi. Amana ya kisheria imebaki na uaminifu wa neno hilo, lakini suala la umiliki imeligeuza. Hivyo andika "kwa manufaa ya", au tumia kauli ya kutendea: "mali anayowatunzia wanufaika".

Ningeiandika upya hivi: "Mdhamini wa amana, akiwa mdhamini, ana mamlaka ya kufungua shauri kwa jina lake mwenyewe ili kudai au kulinda mali ya amana kwa manufaa ya wanufaika." Nimesema "akiwa mdhamini" badala ya "kama mdhamini", kwa sababu "kama" inaweza kusomeka "mfano wa", au hata "ikiwa". Na "mamlaka" badala ya "haki", kwa kuwa mwenye haki anaweza kuiacha akipenda, lakini mdhamini anayeacha mali iporwe atajibu kwa wanufaika.

Wadhamini wakiwa zaidi ya mmoja, usiandike "mdhamini yeyote" isipokuwa hati asilia imesema hivyo. Kanuni ya kawaida ni kwamba wanadai kwa pamoja. Anayekataa kuungana na wenzake huingizwa kwenye shauri kama mdaiwa, ingawa hadaiwi hata senti. Hapo "mdaiwa" ni upande tu wa kesi. Ndivyo pia inavyokuwa wadhamini wanapokaa kimya isivyostahili na mnufaika akalazimika kufungua shauri mwenyewe: humwingiza mdhamini miongoni mwa wadaiwa, pamoja na mvamizi.

Angalia pia kichwa cha hati ya madai. "Amana ya Fulani imefungua shauri" ni kosa la sheria kabla ya kuwa la lugha, maana katika mfumo huo uliotoka Uingereza amana si mtu machoni pa sheria. Anayetajwa ni "Fulani, mdhamini wa Amana ya Fulani". Lakini pale ambapo sheria imeipa bodi iliyosajiliwa nafsi yake ya kisheria, bodi ndiyo mdai, na kitenzi kifuate bodi: "Bodi ya Wadhamini imefungua shauri", si "wamefungua".