Wasomaji Wauliza: Chati Inahesabu Nini Hasa?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sauti tofauti: mbona muziki unaovuma mtaani hauonekani kwenye orodha za nyimbo zinazoongoza? Tumechagua sita.

Mhariri, mimi huwawekea watu nyimbo kwenye flashi hapa Kibuye, Kisumu. Kutwa nzima wateja wanataka ohangla na benga mpya, na watu wa matatu ndio usiseme. Nikifungua orodha ya nyimbo bora za Kenya kwenye apu, hizo nyimbo sizioni. Hazipendwi, ama zinafichwa?
*Msomaji, Kibuye*

Zinapendwa, ndugu yetu, wala hakuna mtu aliyekaa mahali akazificha. Ila wimbo ukishaingia kwenye flashi umetoka kwenye hesabu. Unaweza kuchezwa mara elfu moja kati ya Kondele na Ahero na pasiwe na mashine hata moja iliyojua. Chati ya apu huhesabu kitu kimoja tu, nacho ni mara ambazo wimbo umefunguliwa ndani ya apu hiyo yenyewe. Kwenye Spotify, iliyofika Kenya Februari 2021, lazima wimbo usikike angalau sekunde 30 ndipo uhesabiwe. Memori kadi, Bluetooth, spika za harusini, bendi inayopiga hadi kuche: vyote hivyo ni sifuri.

Kuna na miksi za madijei. Dijei anaunga nyimbo arubaini kwenye faili moja ya saa mbili, watu wanaipakua kwa wingi, na mara nyingi kinachopanda ni hesabu ya miksi. Nyimbo zilizomo ndani hubaki pale pale zilipokuwa.

Jambo la tatu husahaulika sana, nalo huumiza benga na ohangla kuliko muziki mwingine wote: urefu wa wimbo. Apu haihesabu dakika. Inahesabu mara. Mtu akisikiliza kwa saa nzima wimbo wa dakika mbili na nusu ukijirudia, zinaandikwa mara 24. Akisikiliza saa hiyo hiyo wimbo wa dakika tisa, zinaandikwa mara saba tu, na ya saba haijaisha. Amependa sawa, amekaa sawa, lakini mmoja umehesabiwa zaidi ya mara tatu ya mwingine. Na benga haikuundwa iwe fupi. Waimbaji wakishamaliza maneno, magitaa huachiwa uwanja, na hapo ndipo watu husimama kucheza. Zamani za santuri ndogo wimbo uligawanywa sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande wa pili, ili usikatwe.

Mwisho, tazama mizani. Si kila usikilizaji una uzito sawa. Chati rasmi ya Uingereza iliamua Julai 2018 kwamba mara 100 za msikilizaji anayelipia apu ni sawa na nakala moja iliyouzwa, lakini za msikilizaji wa bure zinatakiwa 600. Wimbo uliosikilizwa mara 60,000 na wanaolipia unapata nakala 600. Uliosikilizwa mara hizo hizo na wasiolipia unapata 100. Sababu yao ni kwamba anayelipia ndiye anayeleta pesa. Hoja hiyo ina mantiki ya kibiashara, ila ujue inachopima ni mfuko wa msikilizaji pamoja na sikio lake.

Ninasoma muziki chuoni, Nakuru. Mwalimu alitaja kwamba jarida la Billboard la Marekani liliwahi kuifuta chati ya muziki wa watu weusi. Ilikuwaje?
*Mwanafunzi, Section 58*

Billboard ilianza chati hiyo Oktoba 1942 kwa jina la Harlem Hit Parade, ikiuliza maduka machache ya mtaa wa Harlem, New York, ni santuri zipi zinanunuliwa. Mwaka 1945 ikaitwa ya Race Records, jina ambalo kampuni za kurekodi zilikuwa zikilitumia kwa santuri zilizolengwa kwa watu weusi. Juni 1949 ikawa Rhythm & Blues, kisha Soul mwaka 1969, Black mwaka 1982, R&B tena mwaka 1990, na hip-hop ikaongezwa kwenye jina mwaka 1999. Wengi huishia kwenye orodha hii ya majina. Sisi tungekushauri uangalie zaidi orodha ya maduka yaliyokuwa yakiulizwa, kwa sababu duka likibadilika, jibu linabadilika hata jina likibaki.

Kufutwa kulikuwa hivi. Agosti 1958 ilianza Hot 100, chati ya nyimbo zote kwa jumla. Kufikia 1963 nyimbo nyingi zilikuwa zinatokea kwenye Hot 100 na kwenye R&B pia, hata za waimbaji weupe; wimbo wa Lesley Gore, *It's My Party*, ulishika nafasi ya kwanza kwenye zote mbili mwaka huo. Chati ya R&B ikasimamishwa mwisho wa Novemba 1963, ikarudi mwisho wa Januari 1965. Miezi kumi na minne.

Hot 100 ilitegemea maduka na redio za nchi nzima, na wingi wa hizo ulihudumia weupe. Wimbo uliouzwa kwa fujo kwenye mitaa ya watu weusi ya Chicago au Memphis, lakini redio za weupe zisiuguse, ungeonekana chini kabisa ya Hot 100 au usionekane kamwe. Chati ya R&B ndiyo iliyokuwa ikiuinua. Ilipoondolewa, nyimbo hazikupungua; kilichopungua ni ushahidi. Ndiyo maana wanaoandika historia ya kipindi hicho hukimbilia jarida pinzani la Cash Box, ambalo liliendelea na chati yake ya R&B. Ukiandika insha yako, usiseme wimbo wa 1964 haukufaulu kwa kuwa hauna nafasi ya R&B kwenye Billboard. Hakukuwa na nafasi ya kupewa.

Nasikia mwaka 1991 rapu ilipanda ghafla Marekani. Watu walibadilika wiki moja?
*Msomaji, Lurambi, Kakamega*

Watu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni njia ya kuuliza.

Kabla ya hapo Billboard ilikuwa ikipigia maduka simu, na muuzaji wa duka akitaja albamu zilizoongoza kwa mpangilio. Hakutaja idadi. Alitaja tu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hapo mianya ilikuwa miwili. Kampuni kubwa za kurekodi ziliweza kumpa muuzaji zawadi au nakala za bure ili ataje albamu yao. Na hata asiyepokea chochote alikuwa na mazoea yake: akiamini rapu ni kelele za vijana, basi haimjii kichwani anapoulizwa, hata kama masanduku yake yameisha.

Toleo la tarehe 25 Mei 1991, chati ya albamu ilianza kutumia takwimu za SoundScan, yaani kila albamu iliyopitishwa kwenye mashine ya kusoma msimbopau kaunta ikahesabiwa moja. Wiki chache tu baadaye, Juni, albamu ya kundi la rapu la N.W.A iliingia moja kwa moja nafasi ya pili na wiki iliyofuata ikawa ya kwanza. Muziki wa country nao ulipanda kwa sababu hiyo hiyo. Hot 100 ilifuata Novemba 1991.

Mashine nayo ina upofu wake, kwani duka dogo la mtaani lisilo na mashine halihesabiwi. Na kulikuwa na kanuni nyingine iliyodumu hadi Desemba 1998: wimbo haukuruhusiwa kuingia Hot 100 kama haukuuzwa madukani kama singo, yaani wimbo unaouzwa peke yake nje ya albamu. Kampuni zikaanza kuficha singo ili watu wanunue albamu nzima. Ndivyo *Killing Me Softly* ya Fugees, iliyopigwa redioni Marekani kote mwaka 1996, ilivyokosa kabisa kuingia Hot 100.

Je, ni heri muziki wetu uwe na chati yake, au kujitenga ni kujishusha?
*Mtangazaji wa redio, Kisumu*

Inategemea ni nani anayehesabiwa ndani ya chati hiyo. Uingereza ilianza chati rasmi ya Afrobeats Julai 2020, nafasi 20. Billboard ikaanza yake ya Marekani Machi 2022, nafasi 50. Zimesaidia: mwanamuziki wa Lagos aliyekuwa nje ya mia bora sasa ana namba ya kuonyesha kwa mwandalizi wa tamasha.

Lakini chati yako ikipimwa kwa hesabu ya umma mzima, imebaki jina tu. Oktoba 2012 Billboard iliamua kwamba chati ya R&B na hip-hop isitegemee tena redio za muziki huo; iingize pia redio za pop, mauzo ya intaneti na usikilizaji wa nchi nzima. Wiki hiyo *Diamonds* ya Rihanna iliruka kutoka nafasi ya 66 hadi ya kwanza. Wapenzi wa R&B hawakuupenda ghafla kiasi hicho; redio za pop ndizo zilizoanza kuhesabiwa. Walioumia ni waimbaji ambao hadhira yao ni ya R&B pekee. Kwa maoni yetu huo ulikuwa uamuzi mbaya, na afadhali walibakisha chati ya redio kwa utaratibu wa zamani.

Kwa kipindi chako cha Jumamosi, dada, kura za ujumbe mfupi hazitoshi. Zinapima salio la simu na wingi wa binamu za msanii. Chagua madijei na makondakta wa matatu kumi na tano au ishirini, kutoka Kondele, Ahero, Siaya, Homa Bay na Busia, na uwaweke hao hao kwa miezi sita. Kila mmoja aandike daftarini *idadi* ya mara alizocheza kila wimbo kuanzia Ijumaa hadi Alhamisi. Akikuletea mpangilio bila idadi, umerudi kabla ya 1991. Asiyeleta daftari wiki hiyo aachwe nje, usimkadirie. Weka kikomo ili dijei mmoja asizidi sehemu moja ya kumi ya hesabu yote, la sivyo mwenye matatu tano atakuchagulia wimbo wa kwanza. Na utangaze utaratibu huo hewani kila wiki. Chati ya TurnTable ya Nigeria, iliyoanza 2020 kwa kujumlisha redio na usikilizaji wa intaneti, imeheshimika kwa sababu watu wanajua inachohesabu.

Nina studio ndogo Kaptembwo, Nakuru. Nifanye nini ili wimbo wa msanii wangu uhesabiwe vizuri?
*Prodyuza, Nakuru*

Anza na namba ya ISRC, yaani namba ya kimataifa ya kuitambulisha rekodi. Ina herufi na tarakimu 12: mbili za nchi, tatu za mwenye kusajili, mbili za mwaka, tano za rekodi yenyewe. Msambazaji wako wa intaneti, yaani kampuni inayokupelekea nyimbo kwenye apu, anaweza kukupa. Rekodi moja, namba moja, maisha yote. Kosa tunaloliona likirudiwa ni mtu kuhama msambazaji, akapewa namba mpya, na wimbo uliokuwa na hesabu ya mwaka mzima ukaanza sifuri. Ukihama, beba namba yako. Toleo fupi la redio ni rekodi nyingine, nalo lina namba yake. Ukitoa la dakika tatu na nusu, toa na lile refu kamili siku hiyo hiyo, usiwanyime watu magitaa.

Jina la msanii liandikwe vile vile kila mahali. Leo na neno Jazz mwishoni, kesho bila, apu inafungua kurasa mbili na hesabu inagawanyika. Kwenye aina ya muziki usikubali kuandikiwa "World" kwa uvivu ikiwa kuna chaguo la karibu zaidi.

Toa wimbo Ijumaa. Wiki ya chati huanza Ijumaa na kuisha Alhamisi, hivyo ukitoa Jumatano umejipa siku mbili tu za wiki ya kwanza. Mpelekee msambazaji wiki tatu au nne mapema, na ombi la kuingia kwenye orodha za wahariri wa Spotify liwe limefika si chini ya siku saba kabla.

Kisha YouTube. Chati yake ya nyimbo hujumlisha video rasmi na zile za watu wengine zilizotumia wimbo huo, mradi mfumo wa Content ID uutambue. Mwombe msambazaji auwashe. Usipofanya hivyo, ile video ya harusi ya Molo iliyotazamwa na maelfu haikusaidii kitu. Usajili kwenye vyama vya kukusanya malipo ya wanamuziki, kama MCSK, KAMP na PRISK, ni wa malipo ya haki; ufanye, lakini hauingizi wimbo kwenye chati.

Kuna kijana ananiuzia watazamaji 50,000 wa YouTube. Ninunue?
*Msanii chipukizi, Kanduyi, Bungoma*

Hapana. Tangu Septemba 2019 chati za muziki za YouTube hazihesabu hata watazamaji waliotokana na matangazo halali ya kulipia, na hao wa mashine huondolewa wakigunduliwa. Spotify humtoza faini msambazaji akibambwa na usikilizaji bandia mwingi, naye msambazaji huweza kukukata wewe au kuushusha wimbo. Tangu 2024 huko Spotify wimbo lazima ufikishe mara 1,000 katika miezi 12 ndipo uanze kulipwa. Hizo 1,000 zitafute kwa watu wa Bungoma unaowajua: baada ya kila shoo, andika kiungo cha wimbo kwenye karatasi kubwa pale mlangoni, na umwombe mtu aufungue kwenye simu yake kabla hajaomba umtumie kwa Bluetooth.