Muulize Mwalimu: Mji ulioliwa na bahari, viti vikabaki

SWALI: Assalaam alaykum Mwalimu. Mimi ni mvuvi wa Kojani. Barzani kwetu kijana mmoja katuapia kwamba Uingereza ulikuwapo mji ulioliwa na bahari mpaka zikabaki nyumba chache, na bado ukipeleka wabunge wawili London. Wazee tukamcheka. Tumemuonea au katudanganya?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Mumemuonea. Mtakeni radhi, na kahawa mumlipie nyinyi.

Mji wenyewe ni Dunwich, Suffolk, pwani ya mashariki. Zamani ilikuwa bandari hasa, lakini imekaa juu ya genge la mchanga mtupu, halina mwamba. Tufani ya mwaka 1286 ilichukua sehemu kubwa ya mji. Ya 1328 ikaziba mlango wa bandari kwa mchanga na kokoto. Ya 1347 ikabeba nyumba mia nne hivi. Mtu wa visiwani hahitaji kuambiwa ipi katika hizo ndiyo iliyoua mji. Nyumba hujengwa nyengine. Mlango wa bandari ukiziba, vyombo hutafuta kwengine, na biashara hufuata vyombo.

Sasa hao wabunge. Haki ya viti viwili Dunwich iliipata mwaka 1298, na ilipewa mji kwa jina lake, si kwa hesabu ya watu. Bahari ikala soko, ikala makanisa, ikala makaburi; jina haikulifikia, maana limeandikwa London. Mwisho wapiga kura walikuwa 32 tu, na si wote waliokaa hapo. Familia mbili za matajiri, Barne na Vanneck, ziligawana viti kama watu wanavyogawana mikarafuu ya urithi. Kura yenyewe ilitajwa kwa sauti, mwenye ardhi anakusikia. Kura ya siri Uingereza imekuja 1872. Na wakati wote huo Manchester, mji wa viwanda na maelfu ya watu, haukuwa na mbunge wake hata mmoja.

Nilipokuwa nikisomesha Chake, niliwapeleka wanafunzi Ras Mkumbuu kwa mashua. Tulipofika kwenye gofu la msikiti na yale makaburi ya mnara nikawaambia: chukulieni magofu haya yana wawakilishi wawili, na Mjini Unguja hakuna hata mmoja. Mtoto mmoja akauliza, "Na nani anawapigia kura, Mwalimu, popo?" Sijapata kusikia maelezo mazuri zaidi ya Dunwich.

(Lakini msizidharau hizo kura 32. Wazee wa Chake Chake wanakumbuka uchaguzi wa Januari 1961, kiti chao kilipatikana kwa tofauti ya kura moja.)

Iliyolifuta jimbo hilo ni sheria ya mwaka 1832, iliyovinyang'anya viti vijimji 56 kwa mpigo mmoja. Bahari ilikwishamaliza kazi yake zamani, sheria ndiyo iliyochelewa.

Dunwich leo ni kijiji cha watu mia hivi. Mnara wa kanisa lake la mwisho la kale uliporomoka gengeni mwaka 1919. Wenyeji husimulia kuwa usiku wa dhoruba kengele za makanisa yaliyozama husikika chini ya maji. Mimi sizisadiki. Lakini wewe unalala baharini, unajua yanayosikika nyavu zikiwa majini, kwa hilo sibishani nawe.