Jibu: Propela ya kitanzi inamaliza betri haraka

Habari mkuu. Nimekuelewa: ndege yako ya rimoti ilikaa hewani dakika 14 kwa propela ya kawaida, ukafunga ya kitanzi (ile ambayo mapanga yake yamejikunja na kuungana kama pete) uliyoichapa kwa printa ya 3D, sasa hapo Njiro dakika 9 betri imekata.

Kabla ya kulaumu mota, pitisha ukucha kwenye mapanga ya propela uone kama ni laini. Yangu yalikwaruza kama kitana. Nilipiga msasa namba 400, kisha 800, hadi mlio wenyewe ukabadilika. Halafu funga mota juu ya mizani ya jikoni usome gramu za msukumo kwa kila wati. Linganisha propela zote mbili kwa msukumo uleule, si kwa mizunguko ileile. Hapo ndipo wengi tunapotea.

Ila umbo hilo, lile la MIT Lincoln, maabara ya Marekani, sifa yake kubwa ni kupunguza kelele. Ukitaka dakika, ongeza kipenyo, punguza mizunguko: kusukuma hewa nyingi polepole kunakula umeme kidogo. Na Arusha tuko mita 1,400 hivi, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 13 kuliko Tanga. Mimi nilihama inchi 9 kwenda 11, mapanga mawili tu. Gusa mota baada ya dakika mbili; ikiunguza kidole, rudi inchi 10.