Ekzosi ya pikapu ya V8: chagua sailensa ukiwa kwenye usukani

Sailensa nyingi hununuliwa mnunuzi akiwa amesimama nyuma ya gari. Injini inawashwa, mafuta yanakanyagwa mara mbili tatu, mngurumo unatoka, watu wanacheka, pesa inatolewa. Lakini mwenye gari hakai nyuma ya gari. Anakaa ndani ya kebini, gia ya juu, mguu umelegea, injini ikizunguka mara 1,600 hadi 2,200 kwa dakika kwa saa nzima. Huko ndiko utakakojua kama ekzosi yako inakufaa au inakutesa. Siku hizi kabla sijagusa bomba lolote huuliza swali moja: gari hili muda mwingi linatembea kwa rev ngapi, yaani mizunguko mingapi ya injini kwa dakika, na limebeba nini? Mengine yanafuata.

Nianze na bomba la kuvusha, maana ndilo lenye porojo nyingi kuliko yote. Nasema lile bomba linalounganisha mkondo wa kushoto na wa kulia kabla ya sailensa. V8 ya kawaida ya pikapu, yaani injini yenye silinda nane zilizogawanywa nne kila upande, huwasha silinda moja kila krenki (mhimili mkuu wa injini) inapozunguka nyuzi 90, ila pande mbili hazipokezani sawasawa. Chukua V8 ndogo ya Chevrolet iliyoanza mwaka 1955. Mpangilio wake wa kuwaka ni 1-8-4-3-6-5-7-2, namba witiri ziko kushoto na shufwa ziko kulia. Fuata kwa kidole: kushoto, kulia, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kushoto, kulia. Silinda ya 8 na ya 4 zinatema moshi kwa kufuatana ndani ya bomba moja, baadaye 5 na 7 zinafanya vilevile upande wa pili. Huo ndio mngurumo wa kukatikakatika tunaoupenda. Ndiyo sababu pia ya kuunganisha pande mbili: shinikizo lililojaa huku lipate pa kwenda, na kila pigo lipozwe na sailensa mbili badala ya moja.

Bomba la H ni kipande kilichochomelewa kati ya mabomba mawili, basi. Moshi mwingi unaendelea na njia yake, kinachovuka zaidi ni shinikizo, na mlio unabaki mzito. Bomba la X linaikutanisha mikondo yote miwili kisha linaitenganisha, kwa hiyo mkondo mmoja unasaidia kuuvuta mwingine. Faida yake hutafutwa zaidi rev zikiwa juu, na mlio wake unapanda: laini kwenye mwendo wa safari, mkali ukikanyaga. Kwenye pikapu ya barabarani tofauti ya nguvu kati ya H na X ni ndogo, mguu wa dereva hautaihisi. Tofauti inayosikika ni ya kutoka kwenye mabomba mawili yasiyounganishwa kabisa hadi yaliyounganishwa. Kwa hiyo mimi huchagua kwa sikio na kwa nafasi iliyopo chini ya gari. Pikapu ya kuvuta trela, inayofanya kazi yake kuanzia chini, huipa H. Ile iliyowekewa heda (mabomba ya kupokea moshi kutoka kila silinda) na kemshafti (mhimili wa kufungua valvu) kali, inayopenda kupandishwa rev, huipa X. Atakayekuahidi nguvu farasi hamsini kwa sababu ya X peke yake, muage kwa heshima.

V6 ya kisasa ina hesabu yake. Pande zake hupokezana vizuri, kwa hiyo X husaidia sana kuondoa ule mkwaruzo wa V6, wakati H haibadilishi mengi. Dizeli yenye turbo moja haina habari ya kuvusha, moshi wote umeshakutana kwenye turbo.

Liwekwe wapi? Mafundi wa zamani wana ujanja ambao bado naupenda kuliko kipimo chochote. Yapake mabomba mstari mwembamba wa rangi ya kawaida, isiyo ya kuhimili joto, kuanzia karibu na heda hadi kwenye sailensa, kisha lipeleke gari kwa nguvu kidogo. Ukilala chini yake baadaye utaona mahali rangi imekuwa mkaa na kumeguka, halafu mbele kidogo imebadilika kahawia tu, halafu ikabaki kama ulivyoipaka. Pale ilipomalizikia kuungua ndipo wanapopahesabu kuwa panafaa kuunganisha, nafasi ikiruhusu. Kwa gari lenye katalisti (kifaa cha kusafisha moshi) na sensa za oksijeni (vipimo vinavyoiambia kompyuta hali ya moshi), unganisha baada ya hizo. Ukiunganisha kabla, sensa ya upande mmoja itaanza kusoma moshi wa upande mwingine na kompyuta itarekebisha mafuta kwa habari zisizo zake. Katalisti yenyewe iache ilipo. Nchi nyingi sheria hairuhusu kuitoa, na ya kisasa ikiwa nzima haizibi kiasi watu wanavyodhani.

Nafasi ikiruhusu, nimesema, na kwenye pikapu mara nyingi hairuhusu. Ya magurudumu manne ina giaboksi ndogo ya pili na propela ya mbele inayopita palepale unapotaka kuvusha. Halafu kuna jambo ambalo fundi wa kuchomelea hatakukumbusha kwa sababu si yeye atakayelifanya: giaboksi itashuka siku moja. Bomba la H lililochomelewa moja kwa moja chini ya sampo (bakuli la mafuta) ya giaboksi maana yake ni kukata ekzosi kila unapobadilisha filta ya mafuta ya gia. Dai flanji (viungo vya kufunga kwa bolti) au klampu pande zote mbili, litoke kwa spana. Hilo halina mjadala kwangu.

Sasa sailensa. Ukiacha ile ya kiwandani, ambayo moshi huzungushwa ndani kwa mabomba yanayorudi nyuma na mbele, utakutana na aina mbili hasa. Ya vyumba ina kuta za chuma ndani, zinazogonganisha mawimbi ya sauti mpaka yafutane. Haina cha kuungua, inadumu, na ina ule mlio wa kizamani, ila kwa pikapu ya safari ndiyo mara nyingi inayovuma ndani ya kebini. Ya pili ni ya kupitiliza: bomba lenye matundu limenyooka katikati, limezungushiwa sufi ya kioo au nyuzi za chuma. Inapitisha moshi kirahisi zaidi na inakata sauti za juu. Sauti nzito za chini inazikata vizuri ikiwa ndefu na nene tu, kwa hiyo ukinunua ile fupi kwa sababu ni rahisi kuifunga, usishangae. Zile nyembamba za bei nafuu zilizojazwa sufi huungua ndani pole pole na kuongeza kelele kila msimu.

Kwenye mvumo ndipo ningetaka ukae kidogo. V8 huwasha silinda nne kwa kila mzunguko, kwa hiyo ikiwa kwenye mizunguko 1,800 kwa dakika, yaani 30 kwa sekunde, inapiga mara 120 kwa sekunde. Kebini yenye kioo na ukuta wa nyuma uliosimama wima inaweza kuitikia mlio wa namna hiyo kama ngozi ya ngoma. Dawa yake ni tawi la bomba lililozibwa mwisho, lenye urefu wa robo ya wimbi, linalochomelewa kando ya bomba kuu. Wimbi linaingia, linagonga kizibo, linarudi likiwa kinyume na kulifuta lile linalopita. Kwa mapigo 120, na moshi ukiwa wa moto, tawi hilo linakuja kati ya sentimita 90 na 105 hivi. Halizibi njia ya moshi hata kidogo. Ila linatibu rev zilezile tu ulizolipimia, ndiyo maana nasisitiza uandike kwanza mvumo unaanza wapi na kuishia wapi, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida na madirisha yamefungwa. V8 inayozima silinda nne ikiwa safarini ni mtihani zaidi: mapigo yanashuka nusu, na tawi la kuyafuta lingehitaji urefu mara mbili. Hapo mimi hushauri sailensa kubwa kabisa itakayoingia, bila aibu.

Kipenyo nisikicheleweshe. Injini haihitaji kuzibwa ili iwe na torki, yaani nguvu ya kuvuta. Inahitaji moshi utoke kwa kasi nzuri. Mabomba mawili ya inchi 2.5 yana nafasi inayozidi kidogo bomba moja la inchi 3.5, na yanatosha V8 nyingi za barabarani. Kona zipindwe kwa mandreli, yaani kwa kishikizo kilichoingizwa ndani ya bomba, zisikunjike.

Wakati wa kufunga, acha nafasi ya chuma kutanuka. Bomba la mita mbili la chuma cha pua aina ya 304 linarefuka zaidi ya sentimita moja likipata joto la nyuzi 400, kwa hiyo ning'iniza kwa mipira, usikaze kwenye chasi. Angalia juu ya ekseli ya nyuma mzigo ukiwa umepakiwa, chemchemi zikiwa zimelala, kwani bomba linaloonekana liko mbali gari likiwa tupu linaweza kugongwa. Mdomo wa bomba uvuke ukingo wa bodi, usiishie chini ya kebini: moshi una kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Baada ya safari chache za kwanza, gari likiwa limepoa, rudi chini yake na spana ukaze klampu zote tena.