Ukuta ni wa bloku, mbona redio ya jirani inapita?

SWALI: Mwanangu mhandisi, nina nyumba ya kupangisha Nkuhungu hapa Dodoma, vyumba sita kwa safu. Kuta ni za bloku za inchi 6, zimepigwa plasta pande zote. Bado mpangaji wa chumba cha tatu analalamika anasikia maongezi ya chumba cha nne neno kwa neno, na usiku sabufa inamgonga kifuani. Mjukuu wangu wa kidato cha pili anasema sauti hukimbia zaidi kwenye vitu vigumu kuliko hewani, kwa hiyo kosa ni la huo ukuta mgumu. Fundi naye ananiambia nibandike trei za mayai. Nimsikilize nani?

JIBU: Mama, shikamoo. Mjukuu wako amepata nusu ya swali, na si nusu mbaya. Hewani, kwenye joto la nyuzi 30, sauti huenda mita 349 hivi kwa sekunde. Majini ni karibu mita 1,500, na ndani ya chuma cha reli ni kama mita 5,000. Sisi tuliokulia kando ya Reli ya Kati tulilijua hilo kabla ya darasa la fizikia: fundi akigonga reli kwa nyundo kilomita moja mbele, mlio wa kwenye chuma unafika kabla hujapepesa jicho, na ule wa hewani unakuja karibu sekunde tatu baadaye. (Tulikuwa tunalaza sikio relini. Mwambie mjukuu asithubutu.)

Sababu yake si uzito, ingawa wanafunzi wengi huandika hivyo kwenye mtihani. Ni ugumu. Chembe za chuma zimeshikana kiasi kwamba ukiisukuma moja, ya pembeni yake inapata habari hapo hapo. Uzito peke yake unachelewesha: risasi ni nzito kuliko chuma, lakini sauti ndani yake huenda taratibu zaidi.

Alipoteleza ni kudhani kwamba kitu kinachopitisha sauti haraka kinaipokea kwa urahisi pia. Redio inatikisa hewa, na hewa ni nyepesi mno kuusukuma ukuta. Mawimbi yakifika kwenye zege, karibu yote yanagonga na kurudi yalikotoka. Nguvu inayozama ndani haifiki sehemu moja ya elfu. Shida hiyo hiyo ipo ukigeuza safari, kutoka kwenye kigumu kwenda hewani. Chukua ulimi mmoja wa ilimba ya Kigogo, ubane ukingoni mwa kitu kidogo na kuukwanyua: utausikia kwa shida. Ukaze kwenye boksi lake la mbao, ua mzima unageuka. Ulimi mwembamba hauwezi kusukuma hewa ya kutosha, lakini ubao mpana unaweza.

Basi ukuta wako unapitisha kwa njia moja tu ya maana: kutikisika wote kwa pamoja, kama ngozi ya ngoma. Kadiri ulivyo mzito ndivyo unavyogoma. Bloku ngumu za inchi 6 na plasta yake ni kama kilo 300 kwa kila mita ya mraba. Sauti ya watu wanaoongea haiutikisi huo kiasi cha kusikia neno kwa neno.

Maneno yanapita juu, mama. Nina hakika kuta za vyumba zimeishia kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, halafu dari ya jipsamu, halafu uwazi mmoja chini ya bati unaotembea nyumba nzima. Jipsamu ya milimita 9 haifiki kilo 10 kwa mita ya mraba. Maongezi yanapanda, yanatambaa chini ya bati, yanashuka kwa jirani. Hakikisha hivi: redio ya chumba cha nne iwashwe kwenye taarifa ya habari, wewe chumba cha tatu weka sikio ukutani, kisha panda stuli usogeze sikio darini. Angalia pia kama soketi za vyumba hivyo zimepeana mgongo kwenye tundu moja.

Sabufa ni kesi nyingine. Mdundo wa mitetemo 50 kwa sekunde una wimbi la mita 7, refu kuliko chumba chenyewe, na mtikisiko wa taratibu hivyo ukuta wowote unaufuata kirahisi. Tena boksi limekaa sakafuni, na sakafu ni moja kwa vyumba vyote. Hapo mjukuu anapata alama zake: mtetemo ukishaingia kwenye zege moja kwa moja, bila kupitia hewani, unasafiri mbali. Mwenye sabufa aliweke boksi juu ya godoro dogo la sponji, mbali na ukuta. Itapunguza sehemu, iliyobaki ni ya kupunguza sauti.

Trei za mayai ni karatasi nyepesi. Zinatuliza kidogo mwangwi wa chumba zilimo, hazizuii kitu kwenda kwa jirani, na zinashika moto haraka.

Pesa yako ipeleke darini. Inua ukuta kati ya chumba cha tatu na cha nne hadi ugusane na bati, uzibe kwa saruji kuzunguka mbao za kenchi na ndani ya mikunjo ya bati. Usiache hata tundu la kidole. Fanya ukuta huo mmoja kwanza, urudie lile jaribio la stuli, ndipo uamue kama kuta nyingine zinastahili bloku.